Programu imekataa kufunguka, na kompyuta iko chumbani kwa mama mkwe

Wakuu, habari za huko mliko. Salamu za pekee kwa mafundi wenzangu ambao mkisikia neno Linux mnakunja sura.

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Nilichofanya ni kupunguza matusi, kwa sababu humu kuna watu wazima.

Vuteni viti, uzi ni mrefu.

Mimi ni Mkuria wa upande wa Migori na nina kibanda cha kutengeneza kompyuta pale Rongo. Mke wangu Atieno ni Mjaluo, kwao ni Ndhiwa. Baba yake alitutoka mwaka jana. Mama yake ni mwalimu mstaafu, Mwadventista wa kweli kweli, na sasa anaishi peke yake pale nyumbani.

Ijumaa moja nilikuwa nimeenda Homa Bay kutafuta wino wa printa. Simu ikalia, ni Atieno.

"Baba Boke, tafadhali pitia kwa Mama. Ile programu ya nyimbo imekataa kufunguka, na kesho ndiyo ibada ya Mzee."

Hapo lazima niwaeleze, la sivyo hamtaelewa kwa nini niliacha wino nikakimbia.

Mzee, baba mkwe wangu, alikuwa anaimba besi kwenye kwaya ya kanisa lao, na Mama ndiye anayefundisha hiyo kwaya. Zamani kidogo walirekodi wimbo mmoja kwenye kompyuta ya nyumbani, kila sauti kwenye mstari wake. Sabato hiyo kanisa lilikuwa linamkumbuka Mzee, na Mama alitaka wimbo ule upigwe, besi ikiwa juu na wengine chini, ili watu wamsikie. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: fungua programu, pandisha besi, weka kwa flash.

Ule wimbo ndio mahali pekee sauti ya Mzee ilikuwa imebaki. Hakuna video, hakuna voice note. Mzee hakuwa mtu wa simu.

Na kwa Mama, Ijumaa jua likishatua Sabato imeingia, basi. Hakuna "ngoja nimalizie kidogo." Mimi nimewahi kumwona akiacha shati kwenye meza ya pasi mkono mmoja ukiwa bado una makunyanzi. Kwa hiyo nilikuwa na ile alasiri tu. Nikishindwa, Mzee atakumbukwa kwa maneno matupu.

Kitu kingine cha kujua: Linux pale niliiweka mimi, Mzee akiwa hai, baada ya virusi kumaliza ile Windows yao. Alifurahi sana. Lakini tangu hapo, chochote kikienda vibaya katika boma lile ni mimi. Hata stima ikipotea, ni ile kitu ya Baba Boke.

Nikafika. Tukasalimiana kwa mbali kama inavyotakiwa, nikaletewa chai, nikaulizwa habari ya watoto. Mimi moyoni naangalia dirisha, jua liko wapi.

"Iko wapi kompyuta, Mama?"

"Chumbani."

Wakuu, nikashusha kikombe.

Kwa wale wa mbali: mkwe hakanyagi chumba cha kulala cha mama mkwe. Kwa Wajaluo hiyo si mzaha, na kwetu Wakuria ndiyo kabisa. Hata mkono hatupeani. Nyumba ikiwaka moto ukaingia kuokoa godoro, watakushukuru kwanza, halafu wataitisha kikao.

Najua swali lenu. Si mngeitoa hiyo mashine sebuleni? Haitoki. Kuna wakati wezi walisumbua ile sehemu, Mzee akaita fundi wa kuchomelea, akaifungia kompyuta ndani ya kizimba cha nondo kilichoshikwa na ukuta wa chumbani, mkono unapita lakini mashine haipiti. Kizimba kina kufuli. Ufunguo Mzee aliuficha mahali salama, na mahali salama alikuwa anapajua yeye peke yake.

Si angeingia mtu mwingine? Nani? Atieno yuko zamu Homa Bay. Majirani wote wako kanisani wanapanga viti. Pale tulikuwa mimi, Mama, na ukuta.

Lakini fundi hakosi mlango. Nilipoiweka ile Linux niliwasha SSH, yaani ile njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kwa kuandika amri tu. WiFi ya nyumba ipo. Laptop yangu ilibaki Rongo, lakini simu ninayo, na ndani ya simu nina Termux, app ya kuandikia amri hizo. Nikajiambia, dakika chache tu naondoka.

Ha!

Mama akaingia chumbani, akakaa mbele ya skrini. Katikati yetu pazia.

"Inasema nini ukibonyeza, Mama?"

"Haisemi kitu. Inazunguka, inazunguka, halafu inanyamaza."

Sawa. Nikaamua niifungue mimi kutoka kwa simu ili nione inalalamika nini. Nikaandika jina la programu, nikabonyeza Enter, ikanijibu:

Unable to initialize GTK+, is DISPLAY set properly?

Nikacheka. Huyu namjua. DISPLAY ni environment variable, maelezo madogo ambayo programu huyasoma ili ijue dirisha lake lichorwe kwenye skrini gani. Ukiingia kwa SSH maelezo hayo hayapo, kwa hiyo programu inakuuliza, unataka nichore wapi, hewani?

Nikaandika export DISPLAY=:0 kwa madaha, kama mtu anayelipia meza nzima.

Authorization required, but no authorization protocol specified.

Hapo nikaacha kucheka.

Shida ni kwamba niliingia kwa akaunti yangu ya fundi, na aliyekaa kwenye ile skrini ni Mama, kwa akaunti yake. Skrini ya Linux ina mlinzi wake. Huwezi tu kuja kutoka nje na kusema chora hapa. Mlinzi anataka kibali, na kibali ni faili iitwayo .Xauthority, iliyo ndani ya home ya Mama, yaani folda yake. Naona hata kompyuta ilikuwa inajua mila.

Nikaingia mtandaoni kutafuta. Kila uzi unakuambia jambo moja: andika xhost +. Nikaandika.

xhost: unable to open display.

Yaani amri ya kukuombea ruhusa ya skrini nayo inataka ruhusa ya skrini! Ni kama kuambiwa ufunguo wa nyumba uko ndani ya nyumba. Na wale wanaojibu wanamaliza na "hope this helps." Haijasaidia, ndugu. Haijasaidia hata kidogo.

"Baba Boke, jua linaenda."

"Naliona, Mama."

"Ukishindwa sema mapema, nijue."

Hilo lilinichoma. Hakulisema kwa ubaya, alikuwa na sauti ya mwalimu anayeuliza kama umefanya homework. Lakini mimi nimekaa kwenye kiti cha wageni, nimekunywa chai ya watu, na simu yenye kioo kilichopasuka pale pale kwenye herufi X. Kila nikiandika .Xauthority inatoka .Zauthority. Nafuta. Naandika. Inatoka .Cauthority. Nilitaka kuitupa ile simu kwa kuku.

Na katika kule kufuta ndipo jambo moja likanijia, nikajiona mjinga.

Hii error ninayopigana nayo si ya Mama!

Mama amekaa mbele ya mashine. Yeye DISPLAY anayo, kibali anacho, mlinzi anamjua. Yeye akibonyeza hapati hata herufi moja ya error. Hii ya DISPLAY nimeizaa mimi, kwa kuingia kupitia dirishani. Nimemletea mgonjwa ugonjwa wa pili, halafu natibu huo wa pili nikisahau wa kwanza. Muda wote huo, jua likishuka.

Lakini sikuwa na njia nyingine. Ili nione kinachomsumbua Mama ilibidi niwe Mama, kwa upande wa kompyuta. Nikaandika polepole, herufi moja moja:

sudo -u mama env DISPLAY=:0 XAUTHORITY=/home/mama/.Xauthority na jina la programu.

Enter.

Hakuna error. Hakuna chochote. Mstari mtupu.

"Mama! Imefunguka?"

"Wapi?"

"Hapo kwa skrini."

"Hapa kuna ile picha ya maua peke yake. Yawa, Baba Boke, si ungeniambia tu kwamba hii kitu imekufa?"

Wakuu, error mbaya ina afadhali. Error ni mtu anayekutukana usoni, angalau unajua amekasirikia nini. Kimya ndicho kinachoua fundi.

Nikaangalia orodha ya programu zinazotembea. Na iko pale! Ile programu ya sauti imesimama, hai kabisa, na imekuwa hai tangu asubuhi Mama alipoibonyeza mara ya kwanza. Maana yake haijawahi kukataa kufunguka. Imefunguka. Ila dirisha lake haliko.

Dirisha linaenda wapi? Nikajaribu jambo la mwisho nililokuwa nalo kichwani. Nikaandika xrandr kwa zile zile herufi za mateso, niulize mashine ina skrini gani.

Ikanipa mbili. VGA-1 connected. HDMI-1 connected.

"Mama, hapo chumbani kuna skrini ngapi?"

"Moja. Kwani unataka ngapi?"

"Hebu angalia nyuma ya kompyuta. Kuna waya mwingine, mnene, mweusi?"

Nikasikia kiti kikisogezwa. Nikasikia akinung'unika kwa Dholuo.

"Uko. Umeingia kwa ukuta."

"Unatokea wapi?"

Nikasikia akigonga ukuta.

"Huko kwako."

Nikageuka. Nyuma ya kiti nilichokalia kuna kabati, juu ya kabati kuna TV, na TV imefunikwa kitambaa cha kufuma kutoka juu mpaka chini. Nikachungulia nyuma yake. Waya mweusi, umetoka kwenye tundu la ukuta, umechomekwa.

Basi ikawa wazi. Wakati wa mazishi vijana wa kanisa walipitisha ule waya ili picha za Mzee na nyimbo za kwaya zionekane kwenye TV, ambayo waliitoa nje kwenye varanda waombolezaji waone. Nyimbo walizipiga kwa programu hiyo hiyo. Baadaye TV ikarudishwa mahali pake, mtu mwema akairudishia waya wake, kitambaa kikawekwa. Programu ikakumbuka mahali ilipofunguliwa mara ya mwisho, ikawa inafunguka huko huko, kwenye skrini iliyozimwa na kufunikwa, kisogoni kwangu.

Mimi niliyekatazwa kuona kompyuta ndiye niliyekuwa nimeligeuzia jibu mgongo. Hasira niliyosikia siwezi kuiandika hapa.

Kwa nini hakuna aliyeona mwaka mzima? Kwa sababu TV ile haijawashwa tangu siku ya mazishi. Mzee ndiye alikuwa mtu wa habari. Atieno alikuwa ameniambia, na mimi nilisikia kama mtu anayesikia hali ya hewa.

Kwa hiyo sikubonyeza tu. Nikauliza.

"Mama, naomba niwashe TV."

Nikashika ncha ya kitambaa, nikangoja.

"Washa."

Nikatoa kitambaa, nikakikunja vizuri, nikawasha. Na ndiyo hiyo! Programu imejaa skrini nzima, wimbo wa Mzee uko wazi, mistari yote ya sauti imepangwa. Na juu yake vijisanduku vya malalamiko, kimoja juu ya kingine, vyote vikisema programu hii tayari iko wazi. Kila mara Mama alipobonyeza tangu asubuhi, ilimjibu. Ilimjibu kwa adabu kabisa, kwenye chumba kingine.

"Mama, bonyeza Enter. Tena. Tena. Endelea hivyo."

Vijisanduku vikaanza kupotea. Nilikuwa nimeshaanza kuandika amri ya kuzima HDMI ili dirisha lirudi kwake. Lakini Mama, ambaye hakuona kitu upande wake, akaamua kujaribu na kile kitufe kirefu cha chini.

Kwenye programu ile, hicho ndicho play, cha kupiga wimbo.

Sauti ikatokea kwenye TV. Vijana walikuwa wameiacha besi peke yake, zile nyingine zimenyamazishwa. Mzee akajaa sebuleni.

Nikasimama, sijui kwa nini. Mtu mzima akiingia unasimama.

Mama akatoka chumbani. Alisimama kwanza penye pazia, halafu akaja akakaa kwenye kiti cha mbali, mikono mapajani, akiangalia ile mistari inavyotembea. Hakulia. Mimi ndiye niliyeangalia nje. Tulisikiliza mpaka mwisho.

"Anatangulia," akasema.

"Nini, Mama?"

"Anatangulia wengine. Unasikia pale? Anaingia kabla yao. Miaka yote hiyo namgombeza, anasema amesikia, Sabato ikifika anatangulia tena."

Hiyo ni kazi rahisi sana kwenye programu ile. Unashika mstari, unausogeza kidogo, sauti zinakwenda pamoja. Nikamwambia. Nikaona angalau nitoe huduma moja ya maana baada ya aibu yote hiyo.

"Wacha," akasema. "Wacha hivyo."

Akainuka akarudi chumbani, kwa sababu jua halikuwa linatungoja.

Na hivi ndivyo tulivyomaliza. Ile amri ya kuzima HDMI nikaiacha, nikaogopa kuharibu kilichokubali. Mouse iko chumbani kwa Mama, dirisha liko sebuleni kwangu. Yeye anasukuma, mimi naangalia TV napiga kelele.

"Kulia, Mama. Zaidi. Umepita. Rudi. Chini kidogo. Hapo hapo, bonyeza!"

"Nimebonyeza."

"Hapana, hiyo ni nyingine."

"Basi sema vizuri, wewe ndiye unaona!"

Tulipandisha besi. Tulirudisha wengine, chini chini. Tulihifadhi, tukaweka kwa flash, nikahakikisha kwa simu kwamba faili iko. Mama akaja akaiweka flash juu ya meza, akasogea, nami nikaichukua mezani. Akazima kompyuta. Jua lilikuwa limebaki kama upana wa kidole juu ya miti.

Kulala pale nisingeweza, hiyo nayo ni mila, na flash ilibidi ifike kwa mtu wa mitambo kanisani njiani. Nikaaga. Nikaenda kuzima TV nirudishe kitambaa.

"Hicho kitambaa nipe, ni cha kufuliwa," akasema. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Jumapili upite uniwekee habari. Mambo ya rimoti alikuwa anajua yeye."

Ibada mimi sikuwepo, lakini Atieno alikuwepo. Anasema besi ilipoingia kabla ya wenzake, wale wazee wa kwaya walicheka kwanza. Kila mmoja alijua ni nani.

Sasa mafunzo, kwa wale wanaoruka mpaka mwisho. Nyinyi nawajua.

Ukiona unable to open display ukiwa kwenye SSH, jiulize kwanza kama hiyo ni error ya mwenye kompyuta au umekuja nayo wewe. Ukiweka DISPLAY, weka na XAUTHORITY, na uwe user yule aliyekaa kwenye skrini. xhost + waachie wanaoipenda. Na programu ikifunguka kimya bila dirisha, kabla hujafuta na kuinstall upya, andika xrandr uhesabu skrini. Halafu inuka, zunguka nyumba, fuata kila waya mpaka mwisho wake. Hili la mwisho hutalipata kwenye manual yoyote.

Jumapili nilirudi, nikamwekea habari, nikamwonyesha rimoti mara kadhaa. Nikamuuliza kama nichomoe ule waya, kwa sababu siku moja programu itaenda kujificha huko tena.

Akasema niuache. Siku hizi saa moja jioni anawasha habari, na habari zikiisha anaweka ule wimbo.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani mwingine amewahi kutengeneza kitu ambacho haruhusiwi kukiona? Na kama kuna fundi anajua kufungua kufuli ya kizimba bila ufunguo, aseme hapa. Lakini awe mwanamke.